Pikapu Inayozimika Kivukoni: Maswali Yenu Kuhusu Moduli ya Kuwashia

Barua tatu zilizotufikia mwezi huu zinahusu kifaa kimoja, nacho ni kile kisanduku kidogo cha elektroniki kilichochukua nafasi ya pointi (swichi ndogo ya kukata umeme iliyokaa ndani ya distributa, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi) katika magari ya petroli, ambacho mafundi wetu wengine hukiita moduli na wengine ignaita. Tumeona tuzijibu pamoja.

SWALI: Assalaam aleikum. Ninayo pikapu aina ya Datsun 1200 ambayo nimeitunza kwa miaka mingi, na kazi yake ni kubeba madafu na maembe kutoka Kwale hadi soko la Kongowea. Miaka michache iliyopita fundi aliniondolea pointi, akaniwekea distributa ya elektroniki ya Nissan, ile yenye kisanduku cheusi ubavuni, na kwa muda mrefu sikuwa na malalamiko. Siku hizi nikiingia feri pale Likoni na kuzima injini, tukifika ng'ambo haiwaki. Stata inazungusha vizuri, lakini injini haishiki, na vijana hunisukuma hadi kando ya barabara huku matatu zikinipigia honi. Baada ya nusu saa hivi inawaka kama kwamba haikuwa na lolote. Ajabu ni kuwa nikizunguka kwa njia ya Dongo Kundu bila kuzima injini, nafika Kongowea salama. Fundi mmoja anasema ni pampu ya petroli, mwingine anasema ni moduli, na wa tatu ameniambia niiuze. Nianzie wapi?
— Mzee wa madafu, Likoni

JIBU: Wa aleikum salaam, na shikamoo mzee wangu. Usiiuze, na wala usinunue chochote kwanza, kwa sababu mafundi wako wawili wa mwanzo wametaja vitu viwili ambavyo huonyesha dalili zinazofanana kabisa, na njia ya kuvitenganisha haigharimu zaidi ya muda mfupi wa kufungua boneti.

Hilo la Dongo Kundu ndilo lililonivutia zaidi katika barua yako. Injini inapokwenda, maji yanazunguka, feni inavuta hewa na upepo wa safari unapita chini ya boneti. Unapoizima, vyote hivyo husimama kwa pamoja, lakini chuma kilichokuwa na moto bado kina moto, na joto lile hupanda na kuenea hadi kwa kila kitu kilichofungwa kwenye injini. Kwa hiyo dakika chache baada ya kuzima, distributa na kabureta huwa na joto kubwa kuliko zilivyokuwa barabarani. Feri yetu inatosha kabisa kwa jambo hilo: umesubiri foleni juani kwa mwendo wa konokono, umeingia, umezima, na unapotakiwa kutoka ndipo joto limefika kileleni.

Joto hilo linaweza kufanya mojawapo ya mambo mawili. La kwanza ni kuchemsha petroli iliyo ndani ya pampu, bomba au kabureta, ikageuka mvuke, na pampu ya Datsun yako, ambayo huendeshwa na injini yenyewe, haiwezi kusukuma mvuke. La pili ni kuikatiza moduli. Ndani ya kile kisanduku mna transista na viungo vya lehemu, na kiungo kilichopata ufa mwembamba hugusana kikiwa baridi na kuachana kikipata moto. Kikipoa hugusana tena, ndiyo maana baada ya nusu saa gari linawaka na fundi hakuti kosa lolote. Hili si tatizo la Datsun peke yake. Huko Marekani, Ford waliifunga moduli kwenye mwili wa distributa katika pikapu zao nyingi za miaka ya 1980, na sifa ya magari yale kuzimika yakipata moto ikaenea, mpaka katika matoleo ya baadaye ikahamishwa na kuwekwa mbali na injini.

Sasa basi, kipimo chenyewe kifanyike wakati gari limegoma, si kesho yake asubuhi gereji. Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha: gari hupelekwa kwa fundi likiwa limepoa, fundi hupima kila kitu na kukuta kizima, kisha hubadilisha anachokishuku. Weka ndani ya gari plagi moja ya akiba, kipande cha waya chenye vibanio viwili, na taa ndogo ya kupimia umeme, ile yenye ncha kama sindano.

Gari likigoma, lisogezwe kando, fungua boneti, na tazama kwanza kioo kidogo kilicho ubavuni mwa kabureta. Kama petroli inaonekana kufikia alama iliyopo katikati ya kioo, chakula kipo, ingawa hilo halithibitishi kuwa petroli inafika hadi ndani ya injini. Kisha chomoa waya mmoja wa plagi, uchomeke katika plagi ya akiba, ufunge mwili wa plagi hiyo kwenye chuma cha injini kwa ule waya wenye vibanio, mbali na kabureta, na mtu azungushe stata. Usiishike kwa mkono, kwani umeme unaotoka hapo huvuka volti 20,000. Usiache pia waya wa plagi ukining'inia bila pa kupeleka umeme wake, kwa maana umeme huo utajitafutia njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo hupitia ndani ya koili (kifaa kinachokuza umeme wa betri uwe wa cheche) au ndani ya moduli yenyewe. Ukiona cheche ya buluu inayoruka kwa nguvu, moduli haina hatia, na fundi wa pampu apewe haki yake. Usipoona kitu, tunaendelea.

Washa swichi, weka ncha ya taa kwenye upande wa chanya wa koili. Taa lazima iwake. Isipowaka, tatizo liko kwenye swichi, fyuzi au waya, na moduli mpya haitakusaidia. Ikiwaka, hamishia ncha kwenye upande wa hasi, kisha stata izungushwe. Hapo taa inapaswa kumetameta, iwake na kuzima kwa kufuata mzunguko wa injini, kwa sababu hiyo ndiyo kazi nzima ya moduli: kuupitisha umeme katika koili na kuukata ghafla, na ule mkato ndio unaozaa cheche. Taa ikimetameta na cheche haipo, shuku koili, roto (kile kimkono kinachozunguka ndani ya distributa) au kofia ya distributa. Taa ikikaa imewaka tu bila kumetameta, basi ama moduli haiupitishi na kuukata umeme, ama haipewi ishara ya kufanya hivyo.

Ishara hiyo hutoka ndani ya distributa. Kwenye mhimili wake mna kinyota cha chuma chenye meno manne, na kila jino linapopita mbele ya sumaku yenye koili ndogo, umeme mdogo sana huzaliwa na kupelekwa kwa moduli. Kwa distributa hizi za Nissan nafasi kati ya jino na sumaku huwa milimita 0.3 hadi 0.5, na ipimwe kwa fila (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya shaba kwa sababu ile ya chuma huvutwa na sumaku na kukudanganya. Hakikisha pia kwamba koili ndogo haijakatika. Nafasi ikiwa sawa na koili ndogo ikiwa nzima, lakini taa bado haimetameti, loweka kitambaa, ukikamue sana, ukizungushie kisanduku cheusi kwa dakika chache bila kuacha maji yaingie ndani ya distributa. Cheche ikirudi kwa sababu ya kitambaa hicho, umempata mwizi akiwa na mali mkononi.

Kuibadilisha ni kazi ndogo, lakini ina sehemu moja ambayo haisameheki. Ondoa kwanza waya wa hasi wa betri. Kisanduku kina vichomeko viwili vya nje vilivyoandikwa B na C: B hupokea umeme kutoka kwenye swichi, ukiungana na upande wa chanya wa koili, na C huenda upande wa hasi. Vitie alama kabla ya kuvichomoa. Fungua skrubu mbili zinazokishikilia, ukivute taratibu na kwa unyoofu, kwa kuwa nyuma yake kimechomekwa kwenye pini za ile koili ndogo, na pini hizo zikipinda utanunua distributa nzima. Safisha uso wa alumini wa distributa mpaka ung'ae. Kisha, na hapa ndipo pasiposameheka, paka nyuma ya moduli mpya utando mwembamba wa ile grisi nyeupe ya kupitishia joto, ambayo mafundi wa redio na kompyuta hutumia na ambayo maduka yanayouza vifaa vya elektroniki huwa nayo. Grisi ya bearingi haifanyi kazi hiyo. Moduli hujipoza kwa kutoa joto lake kupitia chuma inachokalia, na penye pengo la hewa, hata liwe jembamba kama karatasi, joto hubaki ndani. Nimeona moduli mpya zilizofungwa kavu kabisa, na fundi akamlaumu muuza spea.

Madhali hukulegeza boliti ya distributa, taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, haikuguswa, lakini si vibaya kuitazama kwa taa yake.

Jambo moja zaidi, mzee wangu, ambalo nashuku ndilo lililoiua hiyo moduli yako ya kwanza. Datsun nyingi za pointi zilikuwa na rezista ya kauri nyeupe karibu na koili, ya kupunguza umeme. Fundi anapoweka distributa ya elektroniki, rezista hiyo huondolewa, na koili yenyewe hubadilishwa kwa ile iliyokusudiwa mfumo mpya, yenye kipimo cha karibu omu 1 upande wa umeme mdogo. Rezista ikiachwa, cheche huwa dhaifu. Koili ikiwa ya kipimo cha chini mno, umeme mwingi kupita kiasi hupita katika moduli na kuipikia ndani kwa ndani. Mwulize fundi aliyefanya kazi ile aliacha nini na alibadilisha nini, na kama hakumbuki, ipime mwenyewe kwa multimita. Spea za gari lako bado zinapatikana, kwani pikapu za ukoo huo ziliendelea kuundwa Afrika Kusini kwa jina la Nissan 1400 hadi mwaka 2008. Ila uende dukani na kisanduku cha zamani mkononi.

SWALI: Ninauza maji kwa mapipa hapa Kisauni, na pikapu yangu ni Toyota Hilux ya zamani yenye injini ya 22R. Nimebadilisha ignaita, ikafanya kazi vizuri, lakini kabla ya mwaka kwisha ikafa. Nimeweka ya pili, nayo imeanza kukatakata. Fundi anasema spea za siku hizi ni bandia zote. Je, ni kweli, au kuna kitu kinachoziua?
— Mama wa maji, Kisauni

JIBU: Bandia zipo, mama, tena nyingi. Lakini zikifa mbili mfululizo kwenye gari moja, mimi huanza kulishuku gari kabla ya duka.

Kwenye Hilux yako ignaita haikai kwenye distributa. Imefungwa pamoja na koili kwenye kishikizo cha chuma ubavuni mwa boneti, kwa hiyo joto la injini haliisumbui kama linavyomsumbua mzee wa Likoni. Lakini hapo ilipo huipata eathi yake (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri) kupitia boliti za kishikizo, na bati la gari linaloishi pwani, tena linalobeba maji kila siku, hushika kutu pale pale chini ya boliti. Weka multimita kwenye volti, ncha moja kwenye mwili wa ignaita na nyingine kwenye hasi ya betri, kisha injini izungushwe kwa stata. Ukisoma zaidi ya volti 0.2, eathi ni mbovu. Fungua boliti, piga msasa bati na kishikizo mpaka chuma kionekane, funga, kisha paka vaselini kwa juu kuzuia chumvi. Fanya vivyo hivyo kwa ule mkanda wa waya unaounganisha injini na bodi, ambao katika magari mengi ya hapa kwetu umegeuka kijani na kubaki nyuzi chache.

Baada ya hapo pima umeme wa chaji, injini ikiwa inazunguka kwa kasi ya wastani. Kati ya volti 13.8 na 14.8 ni sawa. Ikipanda kupita 15 na kubaki huko, alternata inazichoma ignaita zako moja baada ya nyingine, pamoja na balbu na betri, na utazinunua mpaka uchoke.

Tazama pia plagi na nyaya zake. Plagi iliyolika mpaka nafasi yake ikawa pana, au waya uliokatika ndani, huilazimisha koili kujenga umeme mkubwa zaidi kila mara ili cheche iruke, na mzigo huo humrudia ignaita. Kwa 22R nafasi ya plagi ni milimita 0.8.

Nina maswali mawili ya kukuuliza, nayo huenda yakamhusu fundi kuliko gari. Je, ana mtindo wa kung'oa tamino ya betri huku injini inazunguka, ati anapima kama alternata inachaji? Mtindo huo ulikuwa ukivumilika zama za dainamo na pointi. Katika gari lenye elektroniki, betri inapoondolewa ghafla volti za alternata huruka juu kwa nukta ya sekunde, na nukta hiyo inatosha. La pili: kile kishikio cha mapipa nyuma kilichomelewa lini, na je, betri ilifunguliwa kabla ya kuchomelea? Umeme wa mashine ya kuchomelea hurudi kwa njia yoyote inayoikuta, na penye eathi mbovu, njia hiyo inaweza kuwa ignaita yako.

Kuhusu bandia, usiridhike na sanduku zuri. Toyota walitengeneza ignaita zaidi ya moja zenye soketi zinazofanana, kwa hiyo soma namba iliyo kwenye mwili wa ile iliyotoka kiwandani, kama bado unayo, na ulinganishe. Spea nzito kidogo yenye bamba la alumini lililonyooka barabara ina matumaini kuliko ile nyepesi yenye bamba lililopinda. Kama umepata ya mtumba kutoka kwenye Hilux iliyovunjwa, mimi ningeichukua hiyo, kwa sharti kwamba ijaribiwe ikiwa moto: ipashwe kwa mashine ya kukaushia nywele, wala si kwa moto wa kibiriti, huku injini inanguruma. Ikistahimili hapo, itastahimili Februari ya Mombasa.

SWALI: Binamu yangu aliyeko Marekani anasema badala ya kuhangaika na moduli za Kijapani nifunge ile yenye miguu minne ya Chevrolet kwenye pikapu yangu ya zamani ya Datsun. Je, inawezekana, na taimingi itabadilika?
— Kijana wa Changamwe

JIBU: Inawezekana, na watu wengi wamefanya. Moduli hiyo ilibuniwa na General Motors, wenye Chevrolet, katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya distributa zao, ni ya bei nafuu huko Marekani, na haijali sana ishara inatoka kwenye distributa ya kampuni gani maadamu inatoka kwenye koili ndogo yenye sumaku. Kama distributa yako bado ni ya pointi, habari hii haikuhusu mpaka uibadilishe kwanza.

Miguu yake minne ina herufi. W na G hupokea nyaya mbili za koili ndogo, B hupokea umeme wa swichi, na C huenda upande wa hasi wa koili kubwa. Eathi haina mguu wake: hupita kwenye matundu ya skrubu, yaliyozungushiwa chuma, kwa hiyo skrubu zikigusa rangi badala ya chuma tupu hutapata cheche hata moja. Nyaya za W na G zikibadilishana nafasi injini inaweza kuwaka, lakini cheche hutoka wakati usio wake na gari hukosa nguvu. Basi ukiona taimingi imeruka mbali na alama baada ya kufunga, usikimbilie kuzungusha distributa, geuza kwanza nyaya hizo mbili. Ikishakaa sawa, irekebishe kwa taa kulingana na kibandiko kilicho chini ya boneti. Rezista ya zamani iondoke.

Huko kwao moduli hii hukaa ndani ya distributa, juu ya chuma, ikiwa imepakwa grisi ya silikoni kwa chini. Wewe utahitaji kuitafutia chuma hicho. Bamba la alumini lenye unene wa milimita 5 au zaidi, na ukubwa wa kiganja au kuzidi, linafaa, na yale yenye mapezi yanayotolewa kwenye amplifaya zilizokufa yanafaa zaidi. Toboa matundu, lainisha kingo zake ili moduli ikae bapa, paka grisi, kisha ufunge bamba lote ubavuni mwa boneti upande usio na egzosi, mahali ambapo upepo wa grili unafika na maji ya kuoshea injini hayafiki. Nyaya mbili za ishara ziende zimesokotwa pamoja, mbali na nyaya za plagi, zisije zikaokota umeme usiokuwa wake. Waya wa eathi uuongeze wewe mwenyewe, kutoka kwenye skrubu ya moduli moja kwa moja hadi kwenye chuma cha injini, hata kama fundi atakuambia hauhitajiki.